Makaa, mkate na karatasi: michoro ya John Singer Sargent

Mtu akikimbia usiku, habebi ukuta. Anabeba mtoto, sufuria, godoro kama nguvu zipo, na kitambulisho kama amekikumbuka. Picha iliyotundikwa sebuleni inabaki. Familia nyingi zilizotoka Masisi, Rutshuru au Kalehe zinalijua jambo hilo. Nyumbani kulikuwa na picha ya harusi, picha ya ubatizo, picha ya babu amevaa koti la kuazima. Siku moja mtoto aliyezaliwa ukimbizini anauliza babu alikuwa na sura gani, na wakubwa wanatazamana. Wote wanamkumbuka, lakini hakuna awezaye kumuonyesha.

Ndiyo sababu habari za mchoraji mmoja wa zamani zinafaa kusimuliwa kwa wasikilizaji wa huku. Jina lake ni John Singer Sargent, Mmarekani aliyeishi Ulaya karibu maisha yake yote. Watu wengi wanaolijua jina hilo wanamjua kwa picha kubwa za rangi za mafuta: mabibi wenye magauni ya hariri, mabwana wenye vyeo, marais. Matajiri walimlipa fedha nyingi ili awachore. Lakini upande wa pili wa kazi yake ni vipande vya karatasi: michoro ya kreyo, michoro ya makaa, na picha za rangi za maji zaidi ya 2,000. Hizo nyingi hakuna aliyemtuma kuzifanya. Alizifanya njiani, kwa sababu njia ndiyo ilikuwa kwao.

Sargent alizaliwa tarehe 12 Januari 1856 katika mji wa Florence, Italia. Baba yake, Fitzwilliam, alikuwa daktari mpasuaji huko Philadelphia, Marekani. Mtoto wao wa kwanza, msichana, alifariki akiwa bado mdogo sana, na mama yake, Mary, akadhoofika kwa huzuni. Mwaka 1854 mume na mke wakavuka bahari kwenda Ulaya kutafuta afya. Ilikuwa safari ya muda tu, lakini hawakurudi tena kukaa kwao.

Lazima kusema wazi kwamba hawakuwa wakimbizi wa vita. Hakuna aliyewafukuza kwa bunduki, na urithi wa mama uliwatosha kuishi bila kuomba. Lakini hawakuwa na nyumba. Walipanga vyumba mahali fulani wakati wa baridi, kisha joto likija wakafungasha masanduku kwenda milimani au pwani. Watoto wengine walizaliwa, na baadhi wakafariki wakiwa wadogo, kila mmoja akizikwa katika mji ambao familia ilikuwa inapita. John hakusoma shule kwa utaratibu. Alijifunza Kiingereza, Kiitaliano, Kifaransa na Kijerumani jinsi watoto wa njiani wanavyojifunza lugha, yaani kwa kuwasikia majirani wapya. Inchi iliyoandikwa kwenye karatasi zake, Marekani, aliiona kwa macho mara ya kwanza mwaka 1876, akiwa na miaka 20.

Mama yake alipenda kuchora kwa rangi za maji, naye ndiye aliyemfundisha kwanza. Alimpa sharti moja. Kwa siku, mtoto angeweza kuanza michoro mingi kadiri alivyotaka, lakini mmoja lazima aumalize. Kwa mtoto anayehama, sharti hilo lilikuwa na maana kubwa. Kesho mlima huu hautakuwepo, wala mzee huyu wa sokoni. Asipoumaliza leo, hataumaliza tena. Vitabu vidogo vya kuchorea vya utoto wake vilisafiri pamoja na familia, ndani ya masanduku, toka mji hadi mji. Nyumba zile za kupanga hazikubaki mikononi mwa familia hata moja. Karatasi zilibaki. Mwaka 1950, miaka 25 baada ya Sargent kufa, mdogo wake Violet alilipatia jumba la makumbusho la Metropolitan, mjini New York, mamia ya michoro iliyokuwa bado ndani ya familia.

Mwaka 1874 John aliingia shule ya mchoraji Carolus-Duran mjini Paris. Akapanda haraka. Mwaka 1884 akaonyesha mbele ya watu picha ya bibi mmoja mashuhuri wa Paris, amevaa gauni jeusi, mkanda mmoja wa gauni ukiwa umeteleza begani. Watu wakapiga kelele kwamba ni aibu. Miaka miwili baadaye alihamia London. Huko akajenga jina, na kufikia mwaka 1900 ni wachache waliokuwa wakitafutwa kama yeye kwa kuchora sura za watu.

Kisha akachoka. Mwaka 1907, katikati ya sifa, aliamua kuacha picha za sura kwa rangi za mafuta, na baada ya hapo alikubali chache tu. Picha moja ya mafuta ilimtaka mteja akae mbele yake siku nyingi, na mara nyingi jamaa walikuja kusimama nyuma yake na kulalamika kuhusu mdomo au pua. Badala yake alianza kuwapa wateja mchoro wa makaa. Mtu alikuja, akakaa, na kwa muda usiofika saa tatu sura yake ilikuwa tayari kwenye karatasi. Alifanya michoro ya namna hiyo mamia.

Vifaa vyake kwa kazi hiyo vinastahili kutajwa moja moja, kwa sababu kila jiko linavijua. Kipande cha makaa, karatasi, na mkate. Mkate ulikuwa wa kufutia. Sehemu laini ya ndani ilifinyangwa kwa vidole, ikabonyezwa juu ya makaa, ikainua weusi na kuacha weupe. Hivyo ndivyo alivyopata mwanga juu ya paji la uso au kwenye ncha ya pua. Kwanza alitia giza, halafu akaliondoa kidogo kidogo mpaka mtu akaonekana.

Rangi za maji zilikuwa jambo jingine, na kwake zilikuwa karibu na mapumziko. Kila mwaka, kazi za London zikiisha, alifunga sanduku la rangi, kiti cha kukunja na mwavuli mkubwa, akaondoka pamoja na dada yake Emily, Violet na watoto wake, na marafiki wachache. Venice alichora akiwa ndani ya mtumbwi, ndiyo maana katika picha zake nyingi za mji ule mtazamaji anajiona yuko chini karibu na maji, kuta zikipanda juu yake. Milimani alichora vijito, mawe, na wapwa wake wamelala kwenye majani.

Rangi ya maji haingojei. Ikikauka imekauka, na kosa linaonekana. Weupe mara nyingi si rangi, ni karatasi yenyewe iliyoachwa bila kuguswa, kwa hiyo mchoraji lazima ajue mapema ni wapi hatapaka. Sargent alikuwa na mbinu zake pia. Mahali pengine alipitisha nta kwanza ili maji yasishike, na pengine alipaka rangi nzito nyeupe juu. Ukikaribia unaona mabaka tu. Ukirudi nyuma hatua tatu unaona shati la mtu likimulikwa na jua.

Mwishoni mwa mwaka 1905 alikwenda Palestina na inchi za jirani. Huko alikutana na Mabedui, watu wanaoishi katika mahema na kuhama pamoja na mifugo yao. Aliwachora wanaume waliojifunga vitambaa kichwani, wanawake, farasi, na mahema yenyewe. Katika picha moja mashuhuri, wanaume wawili wanamtazama mchoraji moja kwa moja. Nguo zao zimepakwa haraka, kama maji yaliyomwagika, lakini macho yamechorwa kwa uangalifu mkubwa. Hawaombi kitu. Wanatazama kama watu wanaopima mgeni huyu ni nani.

Mwaka 1911 alikwenda Carrara, Italia, kwenye machimbo ya mawe meupe ya marumaru. Hakuchora majumba yanayojengwa kwa mawe hayo. Alichora wafanyakazi, wale walioteremsha mawe makubwa mlimani kwa kamba, na wengine wakipumzika katika vumbi jeupe. Mtu yeyote aliyewaona wachimbaji wa huku wakishuka na mizigo yao atawatambua bila kuelezwa.

Kwa muda mrefu Sargent hakutaka kuuza picha hizi. Aliwapa marafiki kama zawadi ya harusi au ukumbusho. Alipokubali kuzionyesha New York mwaka 1909, hakutaka zitawanyike moja hapa moja pale. Alipendelea ziende pamoja mahali pamoja. Jumba la makumbusho la Brooklyn likanunua 83 kwa dola 20,000, yaani kama dola 240 kwa kila karatasi. Mwaka 1912 jumba la Boston nalo likachukua 45. Mwaka 2013 majumba hayo mawili yaliunganisha picha zao katika maonyesho ya pamoja, na karatasi zile zikakutana ukutani baada ya karibu miaka mia moja.

Halafu vita vilifika mpaka ndani ya familia yake.

Kati ya wapwa aliopenda kuwachora alikuwa Rose-Marie, binti wa Violet. Yumo katika picha nyingi za safari, amejifunga shali, amejilaza, anacheka. Aliolewa na Mfaransa kijana, msomi, ambaye aliuawa mwaka 1914 wakati Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuwa vinaanza. Rose-Marie akiwa mjane alijitolea kuwahudumia askari waliopofuka vitani. Tarehe 29 Machi 1918, Ijumaa Kuu, alikuwa kwenye ibada katika kanisa la Saint-Gervais mjini Paris. Mzinga mkubwa wa Wajerumani, uliopiga kutoka mbali sana, ulilifikia kanisa. Paa likaanguka juu ya waumini. Watu zaidi ya 80 walikufa, na Rose-Marie alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka 24.

Miezi michache baadaye serikali ya Uingereza ilimuomba Sargent aende Ufaransa kuchora vita. Alikuwa na miaka 62. Alikwenda mwezi wa Julai, pamoja na mchoraji mwingine, Henry Tonks, ambaye zamani alikuwa daktari mpasuaji. Alitakiwa kuleta picha moja kubwa ya ushirikiano wa askari wa Uingereza na wa Marekani. Alitafuta siku nyingi, na wakati anatafuta alichora alichokiona: kanisa kuu la Arras lililobomolewa, kiwanda cha sukari kilichovunjika, askari wa Scotland wamelala kando ya njia, askari wawili wakiiba matunda katika bustani ya mtu. Nyingi ni rangi za maji, za ukubwa unaoweza kubebwa kwapani.

Mwisho wa mwezi wa Agosti alifika kwenye kituo cha matibabu karibu na barabara ya kwenda Arras. Alikuta mamia ya askari walioshambuliwa kwa gesi ya sumu. Macho yao yalikuwa yamefungwa bandeji. Walikuwa wakiongozwa kwa mistari, kila mmoja mkono wake begani mwa aliye mbele. Akachukua makaa akaanza kuchora: mkono ulioshika bega, mguu unaoinuliwa juu kupita kiasi kwa kuwa mtu hajui ngazi iko wapi, kichwa kilichoinama. Kutokana na michoro hiyo ilizaliwa picha kubwa yenye urefu wa mita sita na zaidi, iliyokamilika mwaka 1919 na kuwekwa katika jumba la makumbusho ya vita mjini London. Nyuma ya vipofu wale, mbali kidogo, vijana wengine wanacheza mpira.

Rose-Marie alikuwa ametunza watu kama hao kwa mikono yake. Kwenye picha hakuna maandishi yanayosema hivyo. Lakini ni vigumu kuitazama ukiwa unajua habari ya kanisa lile, usimkumbuke.

Mwishoni mwa Septemba, Sargent mwenyewe akaanguka. Yalikuwa mafua makali ya mwaka ule. Akalazwa karibu wiki nzima ndani ya hema la hospitali, karibu na mji wa Roisel. Yeye aliyezoea majumba ya mabwana alilala kwenye kitanda cha kukunja, usiku akisikia wagonjwa wa gesi wakikohoa na majeruhi wakilia. Huko alitengeneza picha moja ya rangi za maji, na ipo hadi leo. Ni ndani ya hema. Vitanda vimepangwa kwa mstari, mablanketi yako juu yake, na mwanga unapita katika kitambaa cha hema. Basi.

Aliyelala chini ya bashe anaujua mwanga huo. Asubuhi unaingia kabla mtu hajafungua mlango, kwa kuwa mlango wenyewe ni kitambaa. Unafanya kila kitu kionekane kana kwamba kiko majini. Wapiga picha wa magazeti mara nyingi huonyesha mahema kutoka nje, mengi kwa pamoja, kwa mbali. Sargent alichora hema kutoka ndani, mahali pa mtu aliyelala.

Hata hivyo, sifa zote hizi zina upande unaouma, na si haki kuuficha. Majina ya mabibi wa hariri yanajulikana yote. Yameandikwa chini ya picha zao, pamoja na majina ya waume zao. Majina ya wanaume wale wawili wa Kibedui hayakuandikwa. Wala ya wale wanaovuta kamba Carrara, wala ya vipofu wa kituo kile. Sura zimehifadhiwa, wenye sura wamepotea.

Mfano ulio wazi zaidi uko Boston. Mwaka 1916 Sargent alikutana hotelini na kijana mweusi aliyefanya kazi ya kuendesha lifti. Aliitwa Thomas McKeller, mzaliwa wa mji wa Wilmington, North Carolina. Katika mji huo, mwaka 1898, McKeller akiwa mtoto wa miaka kama minane, kundi la wazungu wenye silaha lilipindua utawala wa mji, likaua watu weusi na kufukuza wengine wengi. Sargent alikuwa akitayarisha picha za miungu ya Kigiriki za kupamba dari la jumba la makumbusho la Boston, akamwajiri McKeller awe kielelezo chake. Kwa miaka kadhaa McKeller alisimama, akakaa, akainua mikono, na Sargent akamchora kwa makaa. Lakini michoro ilipofika darini, mwili ulibaki wa McKeller na uso ukawa wa mzungu. Maelfu walipita chini ya picha zile wakitazama juu, bila kujua wanamtazama nani.

Michoro ya makaa ndiyo iliyotunza ukweli. Sargent aliwahi kumpa kadhaa rafiki yake Isabella Stewart Gardner, aliyekuwa na jumba lake la picha mjini humo, nayo ikahifadhiwa. Mwaka 2020 jumba hilo lilifanya maonyesho yaliyomweka McKeller katikati, kwa jina lake na kwa habari za maisha yake. Alikuwa amekufa tangu mwaka 1962. Ilichukua karibu miaka mia moja jina lirudi kwa mwenye mwili, na lilirudi kwa njia ya karatasi.

Sargent alifariki London tarehe 15 Aprili 1925, akiwa bado raia wa Marekani, inchi ambayo hakuwahi kukaa humo kwa kudumu. Alikuwa amekataa heshima ya cheo kutoka kwa mfalme wa Uingereza kwa sababu ingemlazimu kuacha uraia huo. Mtu aliyezaliwa njiani anaweza kuwa na kwao pia, hata kama kwao ni jina tu kwenye karatasi.

Mtoto aliye ukimbizini hahitaji kuwa Sargent. Makaa yapo karibu na kila imbaula. Karatasi inaweza kuwa upande wa nyuma wa katoni ya biskuti. Nyanya akikaa kumenya mihogo, anakaa muda wa kutosha. Mchoro wa kwanza utakuwa mbaya, na nyanya atacheka na kusema huyo si yeye. Wa tano au wa sita utakuwa na kitu chake, pengine namna anavyoshika kisu, pengine kitambaa cha kichwani. Utafunikwa kwa karatasi nyingine ili makaa yasifutike, utawekwa ndani ya mfuko pamoja na vyeti.

Na nyuma yake, kwa kalamu isiyofutika, liandikwe jina lake lote, jina la kijiji chake, na siku aliyochorwa.